Inveta na Betri Nyumbani: Jinsi ya Kufunga Umeme wa Akiba kwa Usalama

Kila umeme unapoanza kukatika-katika, maswali yanarudi yale yale. Betri ya 200 itanipa saa ngapi? Friji itawaka? Betri ya gari inafaa? Halafu lile ambalo watu huuliza mwishoni kama nyongeza tu: fundi kasema nichomeke waya wa inveta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake, hiyo nayo vipi?

Hiyo ya mwisho inaua. Tutaifikia kwenye hatua ya 8.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida yenye umeme wa TANESCO wa fezi moja, volti 230, inayotaka inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) na betri inayochajiwa na umeme huo huo wa LUKU. Paneli za sola ukizitaka utaziongeza baadaye, msingi ni ule ule. Ushauri wangu nautoa mapema: usijaribu kuwasha nyumba nzima. Chagua saketi chache unazozihitaji kweli gizani, zitenge kwenye dibii (boksi la breka) yao ndogo, vingine vyote vibaki kwa TANESCO. Ukifanya hivyo gharama inapungua, betri inadumu, na hatari nyingi zinaondoka zenyewe.

Kuhusu nani afanye nini: hatua ya 1 hadi ya 6 ni zako mwenyewe. Hatua ya 7 unaweza kuifanya ukiwa na mkono wa ufundi na subira. Hatua ya 8 ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, na kwa walioko Kenya, leseni ya EPRA. Mwambie akuoneshe leseni kabla hajapanda ngazi. Fundi halali haoni aibu kuitoa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Inveta yenye chaja ndani yake
- Betri
- Nyaya nene za shaba za upande wa betri. Zile za mashine ya kuchomelea zinafaa kwa sababu ni laini na zinakunjika
- Lagi za shaba (vichwa vya kubana mwishoni mwa waya) na koleo lake la kuzibania
- Fyuzi ya DC (umeme wa betri) na kishikio chake, au breka ya DC
- Dibii ndogo, breka za AC (umeme wa nyumbani), RCD ya 30mA (swichi inayokata umeme ukivuja) na chenjiova ya pole mbili (swichi ya kuchagua TANESCO au inveta)
- Maltimita. Ya bei ya chini inatosha, ila betri yake iwe nzima
- Spana namba 13 iliyozungushiwa teipu ya umeme mpini wote
- Miwani ya kinga na glavu za mpira
- Kizima moto cha poda kavu au cha gesi ya CO2
- Magadi soda na ndoo ya maji, kama betri ni ya asidi ya majimaji

Usinunue chochote bado. Kwanza kalamu.

Hatua ya 1: Andika utakachowasha

Chukua karatasi, pita chumba kwa chumba, andika wati za kila kitu. Zimeandikwa kwenye lebo nyuma ya kifaa au kwenye adapta. Mfano wa familia ya kawaida:

- Taa 5 za LED za wati 9: wati 45
- Rauta: wati 10
- Televisheni ya inchi 32: wati 50
- King'amuzi: wati 15
- Feni moja: wati 60
- Simu mbili zikichajiwa: wati 20

Jumla ni wati 200. Zikiwaka kwa saa 5 unahitaji saa-wati 1000, yaani yuniti moja kamili ya LUKU. Inveta yenyewe hupoteza kiasi, kwa hiyo gawanya kwa 0.85, unapata kama 1,180 zitakazotoka kwenye betri.

Sasa angalia aina ya betri. Betri ya asidi, iwe ya majimaji, AGM (asidi imefyonzwa kwenye nyuzi za kioo) au jeli, usiikamue zaidi ya nusu yake, la sivyo utaizika mapema. Kwa hiyo unahitaji saa-wati 2,360, ambayo ni betri ya 12V yenye 200Ah (saa-ampia 200). Ya lithiamu ya fosfati ya chuma, ile inayoandikwa LiFePO4, unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Hapo 12.8V yenye 120Ah inatosha.

Swali la betri ya 200 limeshajibiwa basi: ni kama saa 5 kwa wati 200. Ukipandisha matumizi hadi wati 400, usitarajie hata hizo saa mbili na nusu, maana betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Pasi, birika la umeme, hita ya kuogea, jiko la umeme na oveni visikanyage orodha hii. Birika moja la wati 2,000 linakula sawa na nyumba kumi za mfano wetu. Friji inawezekana, ila ina mambo mawili. Kwanza, kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, kwa kitambo kidogo tu, na inveta ndogo itazima hapo hapo. Pili, friji ikiwa imejaa na haifunguliwi-funguliwi hukaa na ubaridi saa nne hivi bila umeme. Kwa mgao wa jioni moja, mimi friji ningeiacha.

Usipige hesabu ya siku mbaya kuliko zote. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa saa kadhaa. Kwa hilo betri ya nyumbani inamudu. Lakini Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya njia ya kebo ya baharini kuharibika, na hakuna betri ya kuchajiwa kwa LUKU itakayokuvusha miezi mitatu. Huko ni kwenye sola au jenereta.

Hatua ya 2: Amua volti za mfumo

Hesabu ni moja tu: wati gawanya kwa volti. Wati 1,000 kwenye 12V ni ampia 83 kabla ya upotevu. Kwenye 24V ni 42. Kwenye 48V ni 21. Ampia nyingi maana yake ni nyaya nene, joto jingi, na kiungo kikilegea kinaungua.

Inveta hadi wati 1,000, tumia 12V. Kuanzia hapo hadi wati 3,000, nenda 24V. Zaidi ya hapo ni 48V, na hata ya wati 3,000 ukiipata ya 48V ichukue. Anayekuuzia inveta ya wati 3,000 ya 12V anakuuzia matatizo.

Hatua ya 3: Nunua betri, na uinyanyue

Betri ya gari, N70 na ndugu zake, imetengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache kisha ijazwe na alteneta. Ukiifanyisha kazi ya kuwasha taa usiku kucha, itakufa baada ya miezi michache. Inafanya kazi? Ndiyo, mwanzoni. Tafuta iliyoandikwa "Deep Cycle".

Dukani, inyanyue. Betri halisi ya asidi ya 12V 100Ah ina uzito wa karibu kilo 30. Ya 200Ah inakaribia kilo 60, mtu mmoja hainyanyui akitabasamu. Ukikuta imeandikwa 200Ah na unaibeba kwa mkono mmoja, risasi ndani haipo, kilichopo ni stika. Lithiamu ni nyepesi, kilo 10 hadi 12 kwa 100Ah, hivyo kwake uzito mdogo si kosa. Huko angalia iandikwe 12.8V, 25.6V au 51.2V, iwe na BMS (saketi inayoilinda betri) ndani, na warranti ya maandishi.

Kisha toa maltimita. Betri ya asidi iliyopumzika na iliyojaa inasoma karibu 12.7V. Ikisoma 12.2V iko nusu. Chini ya 12V imelala dukani muda mrefu bila kuchajiwa, mwachie mwenyewe.

Ukinunua mbili au zaidi, ziwe kampuni moja, ukubwa mmoja, siku moja. Betri mpya ikifungwa na ya zamani, ya zamani inaivuta mpya chini.

Hatua ya 4: Chagua inveta

Kuna inveta za wimbi safi, na kuna zile za wimbi la ngazi-ngazi ambazo ni za bei ya chini. Kwenye boksi tafuta maneno "Pure Sine Wave". Hizi za ngazi-ngazi huwasha taa na kuchaji simu vizuri tu, lakini feni itanguruma, kompresa itapata joto, na baadhi ya adapta zitakufa. Isitoshe, nyingi hazikutengenezwa kuunganishwa na nyaya za nyumba. Ni za kuchomeka kifaa moja kwa moja.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa dibii anaweza kuishia hapa: inveta ndogo, betri, fyuzi, na ekstensheni moja inayotoka kwenye soketi ya inveta hadi kwenye televisheni, rauta na taa ya mezani. Inveta hiyo haigusi ukuta hata kidogo. Fuata hatua ya 5 na ya 7, ruka ya 8, na ununue chaja ya betri ya peke yake kama inveta haina.

Hatua ya 5: Tafuta mahali

Si chumba cha kulala. Si chini ya ngazi, wala kwenye korido ambayo ndiyo njia ya kutokea moto ukizuka. Si jikoni karibu na mtungi wa gesi.

Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche ndogo inailipua. Haidrojeni hupanda juu, kwa hiyo tundu la hewa liwe juu karibu na dari, siyo chini tu. Inveta usiiweke juu ya betri ya majimaji, kwa sababu mvuke wa asidi utaila na cheche yake itakuwa pale pale gesi inapopita. Iweke pembeni.

Joto ndilo muuaji wa kimyakimya wa betri za pwani. Kanuni ya mafundi kwa betri ya asidi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu. Ukuta unaopigwa na jua la mchana Dar au Mombasa haufai, hata kama kuna kivuli kwa ndani. Na kama mtaa wenu maji huingia ndani masika, pima alama ya maji ukutani na uweke betri juu yake, kwenye stendi ya mbao au ya chuma iliyopakwa rangi.

Hatua ya 6: Kagua nyumba kwanza

Inveta haitibu waya mbovu. Kabla fundi hajaja:

Bonyeza kitufe cha T kwenye RCD ya dibii kuu. Isipokata, ni mbovu. Nyumba nyingi za zamani hazina kabisa, na hapo ndipo pesa ya kwanza iende, kabla ya betri.

Zungukia soketi baada ya matumizi makubwa, baada ya kupiga pasi kwa mfano, uiguse plagi. Ikiwa ya moto, soketi imelegea ndani. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na ya juu kabisa ni ampia 13. Ukiifungua ukakuta msumari au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, usishangae sana, ila itoe leo.

Fuata waya wa ethi kutoka dibii hadi chini ardhini. Mara nyingi utaukuta umekatwa na mchimba bustani, au umefungwa kwenye bomba la maji ambalo siku hizi ni la plastiki.

Hatua ya 7: Funga upande wa betri

Vua pete, saa na mkufu. Volti 12 hazikurushi, na hiyo ndiyo inayofanya watu wazidharau. Spana ikilala juu ya temino mbili za betri inageuka nyekundu kabla hujaikumbuka, na pete ikiwa katikati kidole kinaondoka. Tena betri haina mein swichi. Hata ukizima dibii yote, yenyewe inaendelea.

a) Kata nyaya fupi kadiri inavyowezekana, chini ya mita 1.5 kila mmoja, nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi. Unene: inveta ya wati 1,000 ya 12V, milimita za mraba 35. Wati 3,000 ya 24V, 50. Wati 3,000 ya 48V, 25. Kitabu cha inveta kikitaka nene zaidi, kifuate.

b) Bana lagi kwa koleo lake. Usigonge kwa nyundo, usijaze lehemu. Vuta kwa nguvu zako zote. Ikichomoka ilikuwa haijabanwa.

c) Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 hivi. Kwa mifano ya hapo juu ni ampia 125, 200 na 100. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ikiwa mbali, kipande kilicho kati yake na betri hakina mlinzi. Breka ya AC isitumike hapa. Umeme wa AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hujizima. Wa DC haupiti, na ndani ya breka isiyo yake cheche inaendelea kuwaka hadi plastiki iyeyuke.

d) Betri zikiwa mbili sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), chukua chanya kutoka ya kwanza na hasi kutoka ya mwisho. Ukizichukua zote kwenye betri moja, hiyo moja itafanya kazi ya mbili.

e) Pima kwa maltimita, hakikisha chanya ni chanya. Kisha funga inveta ikiwa imezimwa. Ukigusisha waya wa mwisho utaona cheche moja ndogo, hiyo ni inveta inajaza kapasita zake. Kwa betri ya majimaji, gusisha waya huo upande wa inveta, mbali na matundu ya betri.

f) Kaza nati zote. Baada ya wiki moja, zima na ukaze tena. Shaba na risasi hulegea zikipata joto na kupoa. Pwani, paka grisi temino zote, chumvi ya hewani haichelewi.

Hatua ya 8: Dibii ndogo na chenjiova (kazi ya fundi mwenye leseni)

Sasa tuzungumzie ule waya wa plagi dume kwa dume. Unachomeka upande mmoja kwenye inveta, mwingine kwenye soketi, nyumba inawaka. Kwanza, plagi ya pili ikichomoka, pini zake ziko wazi na zina volti 230, sawa kabisa na kimo cha mtoto anayetambaa. Pili, ukisahau kuzima mein swichi, umeme wako unatoka nje hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma ikilishwa kinyume inapandisha volti hadi 11,000 au 33,000 kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO ameshika akijua imekufa. Tatu, umeme ukirudi wakati huo, inveta inakutana nao uso kwa uso na inaungua. "Mimi huwa nakumbuka kuzima" haitoshi. Siku moja utakuwa safarini na atakayewasha ni mtu mwingine.

Mpangilio sahihi, mwoneshe fundi wako: kutoka dibii kuu, breka moja inapeleka umeme kwenye tundu la kuingilia la inveta. Kutoka inveta, umeme unaenda kwenye chenjiova. Upande wa pili wa chenjiova unapokea TANESCO moja kwa moja. Kutoka chenjiova unaingia RCD ya 30mA, kisha breka ndogo za saketi ulizochagua. Chenjiova ina nafasi tatu: TANESCO, katikati sifuri, inveta. Haiwezi kuwa mbili kwa wakati mmoja, na inveta ikiharibika unageuza tu na taa zinarudi.

Sehemu mbili ambazo hata mafundi wazuri huteleza:

Nyutro. Kila saketi inayohama lazima ihame na laivu yake (waya unaoleta umeme) na nyutro yake (waya unaourudisha). Fundi mwenye haraka huhamisha laivu na kuiacha nyutro kwenye baa ya zamani. Matokeo yake RCD inakatika hovyo, au taa zinawaka TANESCO ikiwepo na kugoma ikiondoka. Kwenye nyumba za zamani ambako saketi mbili zinatumia nyutro moja, zote mbili zihame au zote zibaki.

Kiungo cha nyutro na ethi. RCD hulinda kwa kuona umeme unavuja kwenda ethi na kurudi kwenye chanzo. Ukiwa kwenye betri, chanzo ni inveta, na kama nyutro ya inveta haijaunganishwa na ethi, umeme hauna njia ya kurudi, RCD haioni kitu. Inveta nyingi nzuri hufanya kiungo hicho zenyewe zikiingia kwenye betri. Kitabu chake kitasema. Usibuni kiungo cha kudumu mwenyewe, na kwenye inveta ya ngazi-ngazi usithubutu, nyingi huungua papo hapo. Kupima: inveta ikiwa kwenye betri, fundi apime laivu na ethi, isome karibu 230V, na nyutro na ethi isome karibu sifuri. Ikisoma kama 115 na 115, kiungo hakipo. Kitufe cha T hakiwezi kukuambia hili, kwa sababu chenyewe hakitumii ethi kabisa. Kitakata vizuri na bado huna ulinzi.

Mwili wa inveta uunganishwe na ethi ile ile ya nyumba. Usipigilie rodi nyingine ya peke yake.

Hatua ya 9: Mipangilio ya inveta

Hapa watu hupaacha kama palivyotoka kiwandani, kisha betri inakufa. Weka aina ya betri kwanza. Kwa AGM ya 12V, kuchaji 14.4V na kushikilia 13.5V. Lithiamu ya 12.8V, 14.2 hadi 14.4V. Mfumo wa 24V zidisha kwa mbili, 48V kwa nne. Lebo ya betri ikisema tofauti, lebo ndiyo bosi.

Ampia za kuchaji: asidi, asilimia 10 ya Ah zake, yaani ampia 20 kwa 200Ah. Ukiipa 60 ili ijae haraka utaichemsha. Na ujue kwamba kurudisha yuniti moja uliyotumia kutoka betri ya asidi, utanunua kati ya 1.3 na 1.5 za LUKU.

Inveta nyingi zina chaguo la UPS na APL. UPS hukataa umeme ukishuka chini ya 170V na kuhamia betri haraka. APL hupokea hadi 90V. Kompyuta na televisheni zinataka UPS.

Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kumlipa fundi

Washa vitu vyote vya orodha. Zima breka ya TANESCO inayolisha inveta, taa zisipepese zaidi ya mara moja. Pima zile volti mbili za ethi. Bonyeza T ya RCD mpya. Acha iendeshe nusu saa, kisha weka kiganja karibu na kila kiungo cha waya wa betri bila kugusa chuma. Kilicho na joto kuliko vingine kimelegea. Mwisho, nenda kwenye soketi ambayo haikuwa kwenye mpango, chomeka kitu. Ikiwaka, kuna waya umeingia pasipo pake, fundi asiondoke.

Bandika karatasi kwenye dibii kuu: "Nyumba hii ina betri na inveta", na mahali zilipo. Siku ya moto, watu wa Zimamoto, namba 114, wanahitaji kulijua hilo kabla ya kumwaga maji.

Makosa yanayorudiwa

- Kuongeza "maji ya betri" bila kusoma chupa. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa tu, yale yanayoandikwa "Distilled Water". Asidi huwekwa mara moja, betri ikiwa mpya. Na ongeza baada ya kuchaji, siyo kabla, isipokuwa sahani ziko wazi.
- Kufunika inveta kwa kitambaa cha mezani ili isionekane. Feni yake inahitaji hewa.
- Ekstensheni juu ya ekstensheni.
- Kumshika mtu aliyenaswa na umeme. Zima kwanza, TANESCO na inveta zote mbili. Usipoweza, msukume kwa mti mkavu.
- Asidi ikikurukia machoni, kukimbilia maziwa. Ni maji safi yanayotiririka, dakika 15 na zaidi, kisha hospitali. Magadi soda ni ya asidi iliyomwagika sakafuni tu.

Ikikataa

*Inapiga kelele na kuzima ukiwasha kitu.* Pima volti kwenye temino za betri na kwenye temino za inveta, kitu kikiwa kimewashwa. Tofauti ikizidi 0.3V kwenye mfumo wa 12V, tatizo ni waya au lagi. Zikilingana lakini zote zimeshuka chini ya 11V kwa mzigo mdogo, betri imechoka.

*Inajaa haraka, inaisha haraka.* Hii si dalili nzuri hata kidogo. Betri ya asidi iliyokamuliwa mara nyingi hufanya hivyo. Haiponi.

*Haichaji jioni ingawa taa za jirani zinawaka.* Pima soketi. Ikiwa 165V, inveta iliyo kwenye UPS inaukataa umeme huo. Unaweza kuhamia APL, ila kama friji iko kwenye saketi hizo itoe, kompresa haipendi volti za chini. Tatizo likiendelea kila jioni, liripoti TANESCO, transfoma yenu imezidiwa.

*RCD inakatika inveta ikiingia.* Nyutro. Rudi hatua ya 8.

*Taa ya LED inamulika hafifu ikiwa imezimwa.* Mara nyingi laivu na nyutro zimepishana, swichi inakata nyutro na balbu ina laivu muda wote. Usibadilishe balbu kabla fundi hajapitia.

*Harufu ya mayai viza.* Betri inachajiwa kupita kiasi. Fungua madirisha, toa watu, zima breka inayolisha chaja. Usichomoe nyaya kwenye betri wakati huo, cheche moja inatosha.

*Betri imevimba.* Imekwisha, hata kama bado inawasha. Wapelekee wanaonunua betri chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani. Wengine hutaka uimwage kwanza ili wasibebe uzito, wakatalie.

*Lithiamu inasoma sifuri.* Huenda haijafa. BMS imejifungia baada ya kukamuliwa hadi mwisho. Ondoa mizigo yote, ipe chaja ya lithiamu, na kwa kawaida huamka ndani ya dakika chache. Ikijifungia tena na tena wakati matumizi ni yale yale ya hatua ya 1, irudishe dukani na karatasi yako ya warranti.